Siku Elfu Nne Bila Kuchomwa

Watu huniuliza nilifikaje Sitirani, na kila mara nawajibu kwamba njia haina habari. Habari ni yale niliyoyaona katika hospitali yao kuu kwa muda wa siku tatu, na nitayaeleza kama yalivyotokea. Sitatia chumvi, kwa sababu hayakuhitaji.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka ishirini na miwili. Chama chetu cha wauguzi kilinituma baada ya kusikia kwamba huko hakuna mtumishi wa hospitali aliyewahi kuambukizwa homa ya ini kazini. Kwetu tulikuwa tumezika wauguzi wawili kwa ugonjwa huo ndani ya mwaka mmoja, na mmoja wao nilimfundisha mimi mwenyewe kutoa damu. Nilikwenda kujifunza siri ya wenzetu.

Mlangoni palikuwa na ubao mpana wa mninga ulioandikwa: SIKU 4,015 BILA MTUMISHI KUCHOMWA. Kila asubuhi saa moja Katibu wa Heshima, Bwana Hilali, alipanda ngazi fupi akabadilisha tarakimu ya mwisho, na watumishi waliosimama uani wakapiga makofi matatu. Bwana Hilali alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini na viatu visivyolia. Ndiye aliyenitembeza.

"Sheria yetu ya kwanza," aliniambia, "ni kwamba mtumishi wa tiba haugui ugonjwa anaoutibu."

"Na akiugua?"

"Basi hakuwa mtumishi wa tiba. Huondolewa kwa uzembe na kwa kuikashifu hospitali."

Sheria ya pili ilihusu staha. Katika nchi ile aibu kubwa kuliko zote ni kitu kuonekana kilivyo. Masufuria hubebwa chini ya vitambaa, vitabu huvalishwa majalada mawili, hata funguo zina vifuko vyake. Kwa hiyo sindano iliyotumika haikuruhusiwa kuonekana uchi. Muuguzi alipaswa kuirudishia kifuniko chake kwa mikono miwili kabla hajaondoka kitandani, kisha aipeleke kwenye boksi la sindano lililokuwa mwisho wa korido. Nilihesabu hatua arobaini na moja. Boksi lenyewe lilikuwa limevalishwa kitambaa cha kudariziwa na kufungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao Katibu.

Kwetu mwanafunzi hukatazwa jambo hilo siku ya kwanza kabisa, maana mkono mmoja unaposhika sindano na mwingine ukashika kifuniko, hapo ndipo watu wengi huchomwa. Nilimwambia hivyo Bwana Hilali. Alitabasamu akanionyesha ubao.

Nikamuuliza kuhusu chanjo.

"Tunayo tele," alisema. Akanipeleka ukumbi wa Baraza la Heshima, penye friji yenye mlango wa kioo na kufuli la shaba. Ndani nilisoma majina kwenye visanduku: chanjo ya homa ya ini, na pembeni yake dawa ya kingamwili, ile ambayo mtu aliyechomwa hupewa pamoja na chanjo. "Watoto wote huchanjwa. Wachuuzi, mahabusu, wageni. Hata wewe ukitaka."

"Na wauguzi?"

"Kumchanja muuguzi ni kukiri kwamba anaweza kuchomwa," alisema kwa upole. "Mgeni wetu, huwezi kuwa na ubao ule na pia ukawa na woga."

Jambo moja zaidi lilinishangaza siku hiyo. Watumishi kadhaa wa makamo walivaa miwani myeusi, hata ndani ya vyumba vyenye giza. Niliambiwa kuwa hiyo ni Miwani ya Heshima, hupewa waliotumikia kwa muda mrefu. Jioni nilikutana na mmoja wao kwenye chumba cha kufulia, mkuu wa ufuaji aitwaye Mbaruku, akikunja mashuka. Nilimpongeza kwa miwani yake. Alitazama mlangoni, akaivua. Weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano kama kiini cha yai.

"Sindano ilikuwa ndani ya shuka," alisema. "Mtu hakupata nafasi ya kutembea hadi kwenye boksi, akaificha humo. Nilipolikunja shuka ikaniingia hapa." Alinionyesha sehemu chini ya kidole gumba. "Mwenzangu alichomwa kabla yangu, akasema. Kesho yake hakuwa na kazi. Mimi sikusema."

"Umepima?"

"Nikapime wapi, dada? Maabara ni hii hii yetu." Akarudisha miwani usoni, akaendelea kukunja.

Asubuhi iliyofuata ubao ulisoma 4,016, na mimi nilikuwa wodi ya wanaume nikimfuata Sista Zamoyoni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mwepesi wa mikono, asiyependa maneno mengi. Wagonjwa walimpenda kwa sababu alikuwa akiwaambia atakachofanya kabla ya kuwagusa. Saa nne kamili alimtoa damu mzee aitwaye Ndaro, mchimba visima aliyelazwa kwa kuvimba tumbo. Alipomaliza, alishika sindano kwa mkono wa kulia na kifuniko kwa mkono wa kushoto, kama sheria isemavyo. Mgonjwa wa kitanda cha pili akakohoa kwa nguvu. Zamoyoni aligeuza macho kidogo tu.

Hakupiga kelele. Nilichoona ni mabega yake kusimama. Kwenye glavu ya kushoto, kwenye kidole cha shahada, kulikuwa na tone dogo jekundu linalokua.

Mzee Ndaro aliliona pia. "Binti yangu," alisema polepole, "mimi nina homa ya ini. Niliwaambia waliponipokea. Hawakukuambia?"

Zamoyoni alikunja ngumi, akaificha mfukoni, akaanza kutembea kuelekea kwenye boksi kwa hatua zile zile za kawaida. Nilimfuata, nikamshika kiwiko, nikamwingiza kwenye chumba cha kuoshea vyombo, nikafungua bomba.

"Wataniona," alisema.

"Vua glavu. Osha kwa sabuni, maji yakitiririka. Usikikamue kidole."

Aliosha. Nilimuuliza kama amewahi kuchanjwa. Alizaliwa kabla ya chanjo za watoto kuanza, na tangu awe muuguzi mlango ulifungwa.

"Nilisoma na Mwanaheri," aliniambia, macho yakiwa kwenye maji. "Tulilala chumba kimoja miaka mitatu. Alichomwa wodi hii hii. Mwishoni nilikuwa namgeuza kitandani kama mtoto, tumbo limejaa maji. Kwenye cheti cha kifo waliandika uchovu." Akafunga bomba. "Mimi nitasema."

Nilimweleza alichokuwa anakijua tayari: chanjo na kingamwili hufanya kazi vizuri zaidi zikitolewa ndani ya saa ishirini na nne, na kila saa inayopita huzipunguzia nguvu. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Nilifikiri kudai ile chanjo niliyoahidiwa mimi mgeni nikampe yeye, lakini mgeni huchanjwa mbele ya Baraza, papo hapo. Na vituo vya chanjo vya mitaani, Zamoyoni aliniambia, vyote vina orodha ya majina ya wauguzi ukutani ili wasije wakachanjwa kwa bahati mbaya.

Zamoyoni alitoa taarifa, na Baraza likakaa saa nane mchana. Walikuwepo Bwana Hilali, mwanasheria wa hospitali Bwana Kheri, na Matroni Asumini, mama mnene wa miaka hamsini na kitu, mkuu wa wauguzi wote. Friji ilinguruma nyuma yao. Zamoyoni alisimama. Mimi niliruhusiwa kukaa pembeni kama mgeni.

Bwana Kheri ndiye aliyeanza. "Tufafanue. Sindano ilikuwa imetulia mkononi, au ilikuwa inatembea?"

"Ilikuwa imetulia," alisema Zamoyoni. "Mkono wa kushoto ndio uliotembea."

"Kwa hiyo si sindano iliyokuchoma. Ni kidole chako kilichoifuata sindano."

"Damu imetoka, Bwana Kheri."

"Damu hutoka kwa sababu nyingi."

Walijadili jambo hilo kwa saa nzima. Bwana Kheri alisoma kifungu kinachosema kwamba kuchomwa ni kitendo cha kitu chenye ncha dhidi ya mtu, wala si cha mtu dhidi ya kitu chenye ncha. Bwana Hilali alitaka kujua kama mzee Ndaro anaweza kuandikwa upya kuwa ni mgonjwa wa tumbo tu. Nilisimama nikasema kwamba virusi havisomi vifungu, na kwamba saa zinakwenda. Niliombwa kwa adabu nikae.

Matroni Asumini alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe juu ya meza.

Hatimaye Bwana Hilali alitoa karatasi. "Sista, hakuna anayetaka ufe. Tumepata njia. Hii ni barua ya kuacha kazi, yenye tarehe ya jana. Ukisaini, wakati unachomwa hukuwa muuguzi. Ulikuwa raia aliyepita wodini. Raia tunamchanja sasa hivi, mimi mwenyewe nafungua friji."

Zamoyoni aliisoma barua yote. Kisha akaisoma tena.

"Na kazi yangu?"

"Raia hana kazi hospitalini."

"Nikisaini kwamba sikuwa muuguzi," alisema, "basi na Mwanaheri hakuwa."

Bwana Hilali alirudisha kalamu yake kwenye kifuko. Alimwambia kwamba Baraza litakutana tena asubuhi saa tatu, na kwamba anamwombea busara.

Uani nilimwambia Zamoyoni bila kupamba: asaini, kazi hutafutwa, ini halitafutwi. Hakunikatalia. Alisema anakwenda nyumbani kumwona mumewe, na kwamba uamuzi wa namna hiyo hauwezi kufanywa mbele ya mgeni.

Kulipokucha alinikuta getini akiwa amevaa gauni la kawaida na kalamu mkononi. "Nitasaini," alisema. "Mume wangu amelia, nami nimelia, yamekwisha. Nataka kuishi."

Tulipofika ukumbini, Matroni Asumini alikuwa ametangulia. Mbele yake kwenye meza palikuwa na kikapu cha ukili, kile cha kwendea sokoni, kimejaa karatasi.

"Weka ya kwako juu," alimwambia Zamoyoni.

Zilikuwa barua za kuacha kazi. Zilikuwa sitini na nane, zote kwa maneno yale yale ya Baraza, zote zikiwa na tarehe ile ile. Matroni alikuwa amepita nyumba kwa nyumba usiku ule. Ya kwake ilikuwa ya kwanza, na ya Mbaruku wa kufulia ilikuwa ya mwisho, kwa herufi kubwa zilizopinda.

Bwana Hilali alizipekua. "Matroni, hii ni nini?"

"Ni raia, Bwana Katibu. Wapo uani, wamepanga foleni ya kupimwa na kuchanjwa. Mimi nimo." Sauti yake ilikuwa kavu. "Miaka kumi na tisa nimesimamia sheria yako. Nimewafukuza kwa mkono wangu. Na miaka yote hiyo sijathubutu kupima damu yangu."

"Nitapokea ya Zamoyoni peke yake."

"Zote, au hakuna."

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Matroni alimgeukia Zamoyoni, na kwa mara ya kwanza nilimwona anaomba kitu. "Mwanangu, ukitaka kuchukua ya kwako peke yako, chukua. Hakuna hata mmoja nje atakayekulaumu. Nimewauliza wote."

Zamoyoni alitazama saa ya ukutani, halafu akatazama friji. Kalamu yake ilikuwa imeacha wino kwenye kiganja.

"Nina dakika hamsini," alisema. "Nitangoja."

Bwana Kheri alianza kutafuta kifungu. Hapo kengele ya wodi ya wanaume ikalia. Ikanyamaza, ikalia tena. Bwana Hilali aliinua kichwa.

"Nani yuko wodini?"

"Daktari yuko na mahututi," Matroni alijibu. "Muuguzi hakuna, Bwana Katibu. Tangu juzi."

Kengele haikuacha. Bwana Hilali alisimama akaenda mwenyewe, na sote tukamfuata. Kwenye madirisha ya wodi wauguzi walikuwa wamesimama nje wamevaa nguo za nyumbani, wanachungulia, wengine wameuma midomo. Aliyekuwa anapiga kengele ni mzee Ndaro. Dripu yake ilikuwa imekwisha, na damu ilikuwa imeanza kupanda kwenye mpira.

"Itoe," alimwambia Katibu. "Inauma."

"Zamoyoni," alisema Bwana Hilali.

"Mimi ni raia niliyepita wodini," alisema Zamoyoni. Lakini alisogea hadi kando ya kitanda, akaubana mpira ili damu isimame, akampa Bwana Hilali glavu na pamba. Alimwelekeza hatua kwa hatua, kwa sauti ile ile aliyotumia kwa wagonjwa. Bandua plasta. Shika hapa. Vuta moja kwa moja. Sasa bonyeza pamba.

Sindano ikatoka. Bwana Hilali akabaki ameishika kwa mkono wa kulia, ndefu, yenye damu mbichi ya mtu mwenye homa ya ini, mbele ya wodi nzima. Kifuniko kilikuwa juu ya meza ya kitanda. Kwa sheria alipaswa kukichukua kwa mkono wa kushoto.

Alikichukua. Mikono yake miwili ilikaribiana, na nikaona jinsi ncha ilivyokuwa inacheza. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye mdomo wa juu. Aliisogeza, akairudisha, akaisogeza tena. Ncha iligusa ukingo wa kifuniko, ikateleza, ikapita kando ya kidole gumba chake kwa nafasi ndogo kuliko punje ya mchele.

"Usiifunike," alisema Zamoyoni. "Tupa hicho kifuniko. Usitembee nayo. Simama hapo hapo."

"Nifanye nini?" Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Ufunguo wa boksi uko wapi?"

"Mfukoni. Kifuko cha kijani."

Matroni aliuchukua. Mbaruku alikuwa mlangoni; alipokea ufunguo, akaenda zile hatua arobaini na moja akikimbia, akarudi na boksi, kitambaa cha kudariziwa kikiburuzika nyuma yake. Akaliweka karibu na mguu wa Katibu, akalifungua. Bwana Hilali aliachia sindano. Tulisikia ilivyogonga chini ya boksi.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mzee Ndaro, jambo ambalo sheria ya wodi inalikataza. Alikaa muda, glavu zake zikiwa zimening'inia kati ya magoti. Kisha akatoa kifuko cha pili, chekundu, akampa Matroni bila kumtazama.

"Cha friji," alisema.

Saa tatu na dakika arobaini na mbili, Matroni Asumini alimchoma Zamoyoni chanjo kwenye bega moja na kingamwili kwenye lingine. Foleni ya uani iliisha jioni. Jioni hiyo hiyo, wakati naaga, Bwana Hilali alikuwa amepanda ngazi yake na kung'oa tarakimu zote nne za ubao, na hakujua aweke nini mahali pake. Bwana Kheri alipendekeza kitambaa. Zile barua sitini na nane zilichomwa jikoni, na sheria ya sindano uchi ilifutwa kwa kura mbili dhidi ya moja.

Majibu ya damu yalinifikia baadaye kwa barua. Kati ya watumishi waliopimwa, kumi na tisa walikuwa na homa ya ini. Mbaruku ni mmoja wao. Anameza kidonge kila siku, na daktari amemwambia kwamba ini lake limeumia lakini bado linafanya kazi. Angeanza mapema lingekuwa salama zaidi. Matroni Asumini hana ugonjwa. Zamoyoni aliandika kwamba alipoambiwa, mama yule alijifungia chooni nusu saa.

Zamoyoni mwenyewe alipata chanjo tatu na kungoja miezi sita apimwe. Barua yake ya mwisho ilikuwa na mistari michache tu kuhusu jambo hilo: damu yangu safi, mume wangu amechinja jogoo, nimerudi wodi ya wanaume. Halafu akaongeza habari ambayo nadhani aliona ndiyo kubwa zaidi, kwa sababu aliiandika kwa mwandiko wa polepole.

"Jana Sista Mkasi wa wodi ya wazazi alitokea koridoni wakati wa kuona wagonjwa, watu wamejaa, akainua kidole chake akasema nimechomwa. Alisema kama mtu anavyosema maji yamechemka. Mmoja alimfungulia bomba, mwingine akaenda kuuliza damu ya mama aliyekuwa akimhudumia imepimwa lini, mwingine akamshikia mtoto aliyekuwa amembeba. Nilitazama saa. Hadi anakaa kitini na majibu ya mama yule yapo mkononi mwa daktari, zilikuwa zimepita dakika kumi na moja, na hakuna aliyemuuliza alikosea wapi."